Mama alisema gari langu linaumwa kiuno

Aliyegundua kwamba gari langu limechakaa chini si mimi ninayeliendesha kila siku, wala si fundi. Ni mama yangu mzazi, ambaye hajawahi kushika usukani maisha yake yote. Nilikuwa nimemtoa kliniki, tunarudi nyumbani Goba, tumeshaacha lami na kuingia kwenye ile njia yetu ya udongo ambayo kila masika maji huichonga upya. Alikaa nyuma kushoto, mkoba mapajani, mkono mmoja umening'inia kwenye kishikio cha juu ya mlango. Tukapita korongo la kwanza, tukapita la pili, ndipo akasema taratibu, kama mtu asiyetaka mgonjwa asikie: "Mwanangu, hili gari lako linaumwa kiuno."

Nilicheka. Nikamwambia inayoumwa ni barabara. Akanyamaza, na mama akinyamaza ujue hajakubali.

Kesho yake alfajiri nikatoka peke yangu, redio nimezima, vioo nimeshusha, nikapita njia ileile mdogomdogo. Ndipo nikaona aibu. Mbele kushoto kuna kitu kilikuwa kinagonga, gogogo, kila tairi lilipodumbukia kwenye kishimo hata kiwe kidogo namna gani. Nikikanyaga breki, pua ya gari inainama kama mtu anayesujudu. Na mkono wangu wa kulia, bila mimi kuuamrisha, ulikuwa unauvuta usukani kidogo ili gari lisiende pembeni. Sikumbuki nilianza lini kufanya hivyo. Nililinunua 2020, Toyota IST ya mwaka 2004, namba za usajili za D, na wiki ile ya kwanza ungeweza kuuachia usukani kwenye lami iliyonyooka likaenda lenyewe.

Shida ya vyuma na mipira ya chini ni kwamba havifi siku moja kama betri. Vinakufa robo, nusu, robo tatu, na wewe dereva unapungua navyo. Leo unalikwepa shimo fulani, mwezi ujao unapunguza mwendo kabla ya tuta fulani, mwakani unaendesha umekaa upande na unadhani ndivyo gari lilivyo. Mama alikuwa hajapanda gari langu karibu miezi saba. Tofauti aliipata kwa mkupuo mmoja. Tangu siku hiyo mgeni wa zamani akipanda namuuliza kama limebadilika, na akisema kitu simbishii tena.

Nikaenda gereji ya kwanza niliyoikuta, pale njia panda. Kijana mchangamfu, mwenye maneno mengi. Alilizungusha kama mita 200, akarudi, akazima, akatoa hukumu akiwa bado kwenye kiti: "Sista, shokapu zote nne hamna kitu." Hakuinama chini wala hakugusa jeki. Mimi nami sikuuliza, kwa sababu neno shokapu nimelisikia tangu utoto. Kwetu gari likigonga ni shokapu, kama vile zamani mtoto akipata homa ilikuwa lazima iwe malaria.

Tukaenda Ilala kutafuta zilizotumika, wanazoziita "used za Japani". Muuzaji alizitoa nne, nyeusi tii, zinang'aa. Nikafurahia kung'aa kule. Hakuna aliyeniambia kwamba shokapu iliyotumika na bado inang'aa imepigwa rangi juzi, na rangi inafunika oili iliyokuwa inavuja. Shilingi 260,000 zikaondoka, na ufundi juu yake. Zikafungwa siku hiyohiyo. Jioni nikaingia njia ya udongo nikiwa nimejiandaa kusikia raha. Gogogo. Palepale, mbele kushoto, sauti ileile.

Nikampigia yule kijana wa gereji. Akasema, "Hizo zinajizoesha, sista, zitakaa zenyewe." Wiki tatu nzima nilizisubiri zikae.

Ni mwalimu mwenzangu wa shuleni aliyenipeleka kwa mzee mmoja upande wa Tegeta. Gereji yake ni banda la mabati na mti mmoja mkubwa wa mkungu, na ukifika ukiwa na haraka atakuambia rudi kesho. Nilimwamkia, nikaanza kumweleza kwamba shokapu ni mpya, yaani si mpya lakini zimebadilishwa. Akaniinulia kiganja. "Twende tukaisikie kwanza, mama. Endesha wewe, mimi nakaa huku."

Alikaa kushoto, kioo chini, vidole vinne amevilaza juu ya dashibodi kama mtu anayepima mapigo ya moyo. Akaniambia nilipande tuta moja kwa moja, magurudumu yote mawili ya mbele yapande pamoja. Nikapanda. Kimya, kishindo cha kawaida tu. Akaniambia nigeuze, nilipande tena lakini safari hii kwa mshazari, gurudumu moja litangulie. Gogogo!

"Umesikia?" akaniuliza, na alivyotabasamu nikajua ameshapata jibu lake.

Alinieleza hivi. Mbele kuna fimbo ya chuma inayounganisha upande wa kushoto na wa kulia, stabilaiza, ili gari lisilale sana kwenye kona. Imeshikwa pande zote mbili na vijiti vidogo vyenye vichwa vya mduara, ndizo linki. Magurudumu yakipanda pamoja fimbo inageuka tu, haina ubishi na mtu. Gurudumu moja likipanda na jingine likabaki chini, fimbo inasokotwa, na linki iliyolegea inaanza kugonga. Ndiyo maana njia yenye mashimo upande mmoja inapiga kelele, na tuta refu lililonyooka halipigi. Hakuishia kwenye maneno. Aliingia chini na spana mbili, akazichomoa linki zote mbili, akaiegemeza fimbo isiguse kitu, akaniambia tuzunguke tena taratibu, nisikate kona kwa fujo. Tukazunguka. Gari lilinyamaza kama limemezwa.

Linki mbili mpya, Sh 30,000. Nilikaa kwenye benchi chini ya mkungu nikimtazama anavyozifunga, na kichwani nazihesabu zile laki mbili na elfu sitini.

"Mlio unakuonyesha mtaa, mama," aliniambia akijifuta mikono. "Nyumba unaitafuta kwa mkono."

Nimerudi kwake mara nyingi tangu siku hiyo, nyingine bila shida yoyote, na mengi ninayoyajua sasa nimeyaokota pale kwenye benchi. Kwamba kugongagonga kwepesi kwa harakaharaka mara nyingi ni linki au bushi, ile mipira yenye tundu inayoshika fimbo, lakini kishindo kimoja kizito gari linapotua kwenye shimo ni shokapu iliyofika mwisho wa safari yake, au mpira wa kugota umekwisha, au mauntini, kile kishikio cha juu cha shokapu, imechanika. Kwamba mlio wa "kwii" wa asubuhi, gari likipanda kizingiti cha geti polepole, ni mpira mkavu unaosugua chuma. Kwamba ukizungusha usukani gari limesimama, ukasikia "tang!" kama waya wa gitaa, beringi ya juu ya shokapu imekwama na springi inajisokota halafu inajiachia. Na kwamba muungurumo unaokua kadiri mwendo unavyokua, hauna habari na mashimo, kwenye mambo haya haumo kabisa: huo nenda kautafute kwenye beringi za magurudumu au kwenye tairi zenyewe. Usukani ukitetemeka kuanzia kilometa 80 hadi 100 kwa saa, anza na balansi ya tairi. Ukitetemeka pale tu unaposhika breki, tazama diski. Watu wengi wamebadilisha shokapu kwa ajili ya tairi zisizo na balansi. Mimi nilibadilisha kwa ajili ya vijiti viwili, kwa hiyo simcheki mtu.

Jingine alilonisahihisha, na nalisema kwa kuwa nalisikia kila kukicha: gari likikaa chini upande mmoja, usikimbilie kulaumu shokapu. Anayebeba gari ni springi. Shokapu kazi yake ni kuituliza springi isiendelee kurukaruka ikishabanwa. Springi peke yake bila shokapu ni kitanda cha chuma cha bweni, ukikikalia kinakupokea, halafu kinakurusha, halafu kinakupokea tena.

Nilidhani nimemaliza. Miezi kama minne baadaye nilikuwa naosha gari mwenyewe siku ya Jumapili, nikakata usukani hadi mwisho ili nifikie tope la ndani. Nikapitisha kiganja kwenye tairi la mbele kushoto. Kwa nje kashata zote zipo, nzuri kabisa. Kwa ndani, upande ambao huuoni gari likiwa limesimama limenyooka, tairi lilikuwa laini kama upara, na pembeni kabisa waya zimeanza kuchungulia. Tairi lile lilikuwa na mwaka mmoja na ushee. Nikakaa chini kwenye maji yangu ya sabuni.

Nikaenda kwenye alaimenti, wanapopima na kunyoosha magurudumu. Kijana wa pale akalipandisha, akatembea chini yake na tochi ya simu, akarudi kunifuata nilipokaa. "Dada yangu, hela yako naitaka, lakini hii siwezi kuipima." Akanishusha kwenye shimo, akachomeka mtaimbo kati ya bodi na wishiboni, ule mkono wa chuma unaoshika gurudumu kwa chini, akausukuma kidogo tu. Wishiboni ikaenda mbele, ikarudi nyuma, kama jino la mtoto linalosubiri kung'oka. Bushi kubwa ya nyuma ilikuwa imepasuka mduara mzima, mpira umeachana na chuma. "Nikikunyooshea leo," akasema, "ukifika kwenye taa za kwanza ukashika breki, gurudumu linarudi nyuma, vipimo vyote vimekufa." Hapo nikaelewa kwa nini gari lilikuwa linavuta pembeni, na zaidi kwenye breki. Nilikuwa nimesoma gazeti lote isipokuwa ukurasa wa mbele. Tairi lilikuwa limeandika kila kitu.

Mzee wa Tegeta alikuwa amesafiri. Mimi nilikuwa na haraka ya kurudi kazini, nikafunga bushi kwa fundi wa karibu. Zilikuwa mpya, zimeingizwa kwa mashine ya presi, nilishuhudia mwenyewe. Alaimenti ikafanyika, gari likanyooka, nikashukuru. Haikufika miezi mitano, kwii ya asubuhi imerudi na usukani umeanza tena uhuni wake.

Mzee alipolitazama hakulaumu bushi. Aliuliza swali moja tu: "Alipokuwa anakaza bolti za wishiboni, gurudumu lilikuwa chini au juu?"

Nilikumbuka vizuri. Gari lilikuwa kwenye jeki, gurudumu limevuliwa, mguu wote unaning'inia, kijana anakaza kwa nguvu zake zote na bomba refu amelichomeka kwenye spana. Nilimsifia hata.

Mzee akachukua bushi kuukuu kutoka kwenye debe lake la vyuma, akaingiza kidole gumba cha kushoto kwenye tundu la katikati, mkono wa kulia akashika nje, akaisokota. Mpira ukavutika, ukafanya mikunjo midogo kama ngozi ya kiwiko. "Bushi hii haizunguki kama beringi," akasema. "Katikati imebanwa na bolti, nje imebanwa na wishiboni, kinachojongea ni mpira wenyewe kujinyonga na kujinyongoa. Ukikaza gari likiwa linaning'inia, mpira unaona huko ndiko kwao. Ukishusha gari likae chini, tayari umeunyonga, na hujaondoka hata gereji. Hapo bado shimo halijaja." Akaachia, bushi ikarudi.

Safari ya pili akafunga mpya, akaziacha bolti zimeshika tu bila kukazwa. Akarudisha magurudumu, akashusha gari, akalisukuma mbele na nyuma, akaliminya boneti mara tatu nne likae linavyokaa, ndipo akaingia shimoni akakaza uzito wote ukiwa juu ya tairi. Dakika kumi zaidi, si zaidi ya hapo. Bushi hizo ndizo zilizomo hadi leo. Nikifunga bushi sasa husimama pembeni na kuuliza swali lake, na mafundi wawili wameshanitazama vibaya kwa ajili hiyo. Sijali.

Bolijointi, kile kiungo cha kichwa cha mduara kinachounganisha wishiboni na gurudumu, ndiyo iliyonitisha, kwa sababu haikunipigia kelele hata mara moja. Desemba tulikuwa tunampeleka mama Lushoto kwa ndugu zake. Safari yenyewe si mchezo: Chalinze, Segera, Korogwe, halafu ukifika Mombo unaiacha barabara kuu unaanza kupanda, kilometa kama 33 za kona juu ya kona kupitia Soni, upande mmoja mlima, upande mwingine bonde. Ijumaa nikampitishia mzee gari, nikitarajia aniambie nenda salama.

Akaliinua mbele kwa jeki, akaweka magogo chini ya chesesi, magurudumu yakaning'inia. Akaniita nishike tairi mwenyewe. "Saa sita na saa kumi na mbili," akasema, yaani mkono mmoja juu kabisa na mwingine chini kabisa. Halafu saa tatu na saa tisa, kushoto na kulia. Nikawaza kwamba hapa pekee ndipo saa ya Kiswahili na saa ya Kizungu hazigombani: geuza utakavyo, juu ni juu na pembeni ni pembeni. Pembeni tulitikisa, pametulia, kwa hiyo tairodi na raki endi, vijiti vinavyopeleka usukani kwenye gurudumu, ni nzima. Juu na chini tukatikisa, kukawa na kitu. Kidogo mno. Akamwita kijana wake akanyage breki tuone kama ni beringi ya gurudumu, kwa sababu breki ikishika, uchezaji wa beringi hupotea. Breki ikashikwa. Kitu kikabaki.

IST, kama magari mengi madogo tunayoagiza Japani, mbele ina mfumo wa MacPherson, jina la mhandisi Mmarekani aliyeubuni miaka ya 1940. Shokapu na springi vimekuwa mguu mmoja; juu umefungwa kwenye bodi, chini umeshikwa na wishiboni kupitia bolijointi. Mzee akaniambia nilale kifudifudi, niweke ncha ya kidole pale bolijointi inapokutana na mguu. Yeye akachomeka mtaimbo chini ya tairi akanyanyua taratibu. Tk. Sikuisikia kwa sikio, niliisikia kwa kidole, kama mapigo ya mtu aliyelala. Kibuti cha mpira kilikuwa kimechanika, grisi imetoka, mchanga wa Goba umeingia, na kichwa cha mduara kimekuwa kikijisaga humo kimyakimya kwa miezi isiyojulikana.

"Hii inasubiri nini?" nikamuuliza.

"Inasubiri kuchomoka. Ikichomoka gurudumu linalala, usukani unabaki nao mkononi kama kifuniko cha sufuria."

Wiki chache nyuma nilikuwa nimeipita Noah moja kwenye foleni ya Makongo, gurudumu la mbele limelala chini ya madigadi kama mguu wa mbuzi aliyevunjika. Ilikuwa mwendo wa foleni, hakuna aliyeumia. Nikaiwazia ileile kwenye kona za Soni na mama yuko nyuma na mkoba wake.

Hatukuondoka Ijumaa. Kariakoo walikuwa wamefunga, spea ikapatikana Jumamosi saa tano, tukatoka saa tisa alasiri, na mama alinung'unika hadi Kibaha. Sikumweleza. Bushi au linki ikichoka una muda wa kujipanga, mwezi, hata miwili ukiwa mpole. Bolijointi ikicheza, au tairodi ikicheza, hakuna cha kujipanga. Gari linabaki hapohapo na wewe unapanda daladala.

Na bado gari lilinipa somo jingine njiani. Siku ya Ijumaa mzee aliminya kila kona ya gari, likashuka, likapanda, likatulia. Shokapu za nyuma, zilezile za Ilala, alisema zina jasho, lakini tutafika. Jasho si dhambi. Utando mwembamba wa oili juu ya mwili wa shokapu unaweza kuwepo na shokapu ikawa nzima. Ikilowa hadi vumbi linaganda tope na kuteremka chini, hiyo imekwisha. Sasa, kuliminya gari tupu ni kipimo cha kukamata maiti, siyo mgonjwa. Kwenda tulikuwa watatu, tukaenda vizuri. Kurudi tulikuwa watano, na kwenye buti kuna peasi, plamu, viazi, na kuku wawili niliowakataa nikashindwa. Kati ya Korogwe na Segera, kila tulipopita kibonde kwenye lami kwa mwendo wa 80, nyuma ilishuka, ikapanda, ikashuka tena, ikapanda, mara tatu kabla ya kutulia. Gari likawa linaogelea. Upepo wa lori likitupita unatusogeza. Nikashuka hadi 60, nikaja hivyohivyo nikipigiwa honi na kila basi.

Nilipokagua tairi za nyuma nyumbani nikayakuta maandishi yake. Ukipitisha kiganja kuzunguka tairi lilikuwa na mawimbi, panapanda panashuka, kama paa la bati. Hiyo ni alama ya tairi linalodunda badala ya kukanyaga, na linapodunda halishiki barabara, na breki yako inahitaji nafasi kubwa kuliko unayoidhani. Nilikuwa nimejenga mazoea ya kutazama tairi. Kumbe za kutazama ni za mbele na nyuma, na si kwa macho tu.

Safari hii nilinunua mpya, za nyuma mbili kwa pamoja, maana ukiweka mpya upande mmoja na kuukuu upande mwingine gari linachechemea. Dukani, kabla ya kulipa, niliiomba moja nikaisimamisha sakafuni, nikaiminya rodi kwa uzito wa mwili. Ilishuka kwa kugoma, nzito mwanzo hadi mwisho, haikuwa na mahali pa kuporomoka ghafla; nilipoiachia ikapanda yenyewe pole pole kwa sababu ya gesi yake. Muuzaji akaniuliza kama mimi ni fundi. Nilifurahi kupita kiasi. Mzee naye kabla ya kuzifunga alizisimamisha, akazisukuma chini na kuzivuta juu mara kadhaa kila moja, kwa kuwa zimelala dukani na hewa imeingia pasipotakiwa. Mipira ya kugota na vikinga vumbi tulibadilisha palepale. Ni vitu vya bei ya chipsi kuku, na kuviacha vikuukuu juu ya shokapu mpya ni kuvaa soksi chafu kwenye kiatu kipya.

Kijana wa gereji ya jirani alinishauri tuweke spesa kabisa, vile vipande vya kuongeza kimo juu ya springi, gari linyanyuke, nisahau mashimo. Najua wengi wameweka na wanaringa. Mimi nimekataa. Ukilinyanyua gari, mguu unakaa umenyooka muda wote, shokapu haina tena nafasi ya kushuka gurudumu linapoingia shimoni, bolijointi na vichwa vya ekseli za magurudumu ya mbele vinafanya kazi vimepindwa, na kwenye kona gari linaegemea zaidi. Yaani unanunua nafasi chini ya bampa kwa kulipa na kila kitu nilichokwisha kukieleza hapa. Shimo la kwetu nalijua, nalizunguka.

Kuna daftari dogo kwenye droo ya dashibodi sasa. Mama aliliona akadhani ni la vikoba. Kurasa za mwanzo zina tarehe na kilometa: linki zote mbili, bushi mara mbili (ya kwanza nimeikata kwa kalamu nyekundu), bolijointi ya kushoto, shokapu za nyuma. Sifuati kilometa kama dini, maana kilometa elfu kumi za njia yetu ya Goba si sawa na elfu kumi za mtu anayekwenda Posta na kurudi kwa lami. Kilometa zinanikumbusha tu kwamba ni muda wa kuinama. Kila baada ya mvua kubwa kuisha nalipeleka chini ya mkungu, tunaliinua, nashika saa sita na saa kumi na mbili mwenyewe, mzee anakunywa chai yake.

Mwezi uliopita mama alipanda tena, kiti kilekile. Tulipita makorongo yote mawili hakusema neno. Tulipofika getini akauliza mbona mlango wake unalia.

Bolijointi ya kulia hatujaibadilisha. Tuliichezesha kwa mtaimbo, kidole changu hakikusikia kitu, kibuti bado kizima. Nimeandika: kilometa 148,300, kulia bado, tazama baada ya masika.